Datsun 240Z iliyoshika moto: ni ya kufufua ama ni ya watu wa chuma chakavu?

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya gari kuukuu imeungua mahali, "kaka hebu icheki hii, inafufuka kweli?" na mimi nimekuwa najibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hivyo acha niandike yote hapa kwa urefu, nikitumia hii Datsun yangu ambayo niliinunua ikiwa nyeusi tititi upande wa mbele na leo inatembea. Mwenye haraka achukue hili aende nalo: kama moto uliishia mbele kwenye injini, nunua. Kama moto ulipanda ukala paa, hapo hununui gari, unanunua spea na makaratasi, basi lipa bei ya spea na makaratasi na usipige hesabu nyingine yoyote.

Sasa kwa mwenye nafasi.

Gari yenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, namba ya chesisi inaanza na HS30. Kwa wasioijua, ni ile ndogo ya milango miwili yenye pua ndefu, injini ya silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili, ukiwa nyumbani kwao Japan inaitwa Fairlady Z. Na kwa sisi wa huku hii si gari ya kubandika picha ukutani tu. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia kwenye 240Z. 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews akaichukua, tena kwa kubanana vibaya, manake yeye na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS walimaliza na adhabu sawa kabisa ikabidi sheria ndo iamue. Mehta mzaliwa wa Uganda, ambaye alikuja kushinda Safari mara 5. Ile gari ya Herrmann Nissan wenyewe wanaitunza mpaka leo kwenye ghala lao la magari ya kale huko Zama. Babangu alikuwa kijana miaka ile na alikuwa akitusimulia vile watu walikuwa wanalala kando ya barabara wangoje taa tu zipite na vumbi, na hio sauti ya silinda sita alikuwa anaiiga kwa mdomo, na alikuwa anaiweza.

Kwa hivyo nilipoambiwa kuna mzee mmoja wa mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, ana Z imeungua na watoto wake wanataka iuzwe kwa kilo, siku ya pili asubuhi nilikuwa getini kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuitazama maiti?"

Akaniletea kiti, tukakaa chini ya mwembe, gari iko pale mbele yetu imefunikwa turubai, na kabla hata sijaigusa akanipa habari yote. Gari ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka bila kuwashwa. Siku hio akachaji betri, akatoa petroli ya zamani akaweka mpya, ikawaka vizuri tu, akatoka nayo. Kabla ya kufika daraja la Nyali akasikia harufu ya petroli, akadhani ni tenki amelijaza kupita kiasi. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti. Akasimama kando, akashuka, na hapo akafanya kitu ambacho kila mtu angefanya, akafungua boneti. Boneti ya 240Z bawaba zake ziko mbele kwenye pua, inafunguka kutokea upande wa kioo, kwa hivyo ukiinua tu unaupa moto hewa na mwali unakuja moja kwa moja kwako na kwenye kioo. Kioo kikapasuka hapo hapo. Kondakta wa matatu iliyokuwa nyuma akaja mbio na mtungi wa poda, wengine wakarusha mchanga, ikazimwa. Mzee aliungua nyusi na mkono kidogo, alhamdulillah hakuna zaidi.

Kilichosababisha nilikiona baadaye kwa macho yangu. Kwenye hii injini kabureta na ekzosti ziko upande mmoja, kushoto, kabureta juu, manifodi ya ekzosti, yaani bomba la kutolea moshi, chini yake, katikati kuna kibati tu cha kukinga joto. Maana yake petroli ikidondoka popote pale juu inaangukia chuma cha moto. Hozipaipu ya petroli ya mbele ilikuwa imeshateketea, lakini kule nyuma karibu na tenki kulikuwa na kipande kingine cha umri ule ule, nikakikunja kwa vidole viwili, kikavunjika kama biskuti. Ndani kina nyufa kila mahali na kwa nje kilikuwa kinang'aa vizuri tu ungesema ni kipya. Hozipaipu ya shilingi mia chache. Wewe mwenye gari ya kabureta unayesoma hapa, nakuomba kabla hujaendelea nenda kakunje ya kwako.

Bahati ya kwanza ilikuwa usukani kulia. Busta na masta silinda, vile vifaa vinavyosukuma breki, kwenye zetu ziko kulia, mbali na manifodi. Zile za Marekani usukani ukiwa kushoto busta iko pale pale jirani na kabureta, moto kama huu unaanza na breki.

Ukaguzi sasa, na hapa nitakaa kidogo manake ndo mahali watu wanapoteza pesa. Watu wanaangalia weusi. Weusi ni masizi, masizi yanapanguswa, hayakwambii kitu. Unachotafuta ni joto lilifika wapi na lilikuwa kali kiasi gani, na gari yenyewe inakwambia kwa sababu kila kitu ndani yake kina joto lake la kuyeyuka. Zinki inayeyuka kwenye digrii 420 hivi, aluminium 660, shaba iko juu huko 1085, chuma cha bodi mpaka karibu 1500. Kwa hivyo unaenda na tochi unasoma kama unasoma kipimajoto.

Kwenye Z ya mzee nililala chini na tochi, na juu ya ile krosimemba ya mbele, kile chuma kinachokatisha chini ya injini, chini kabisa ya kabureta, nikakuta matone ya aluminium yameganda. Kama nta ya mshumaa hivi, moja juu ya jingine, na moja lilikuwa zima na ncha yake, limeganda likiwa bado linataka kudondoka. Hilo nililing'oa na bisibisi na mpaka leo liko kwenye meza yangu. Hio ilinipa jibu, hapa palipita digrii mia sita kwa urahisi, kwa hivyo kabureta hakuna, manifodi ya kuingiza hewa hakuna, hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, ni ya mashaka. Nikasogeza tochi kulia kama mkono mmoja tu. Pale kuna kibati cha aluminium chenye maelezo ya gari, na bado kilikuwa kinasomeka, kimepauka tu. Mkono mmoja! Nikajua huu moto ulikuwa mkali lakini mfupi, na ulikaa mahali pamoja.

Halafu fayawoli, ile bati kubwa kati ya injini na miguu ya dereva. Kwenye hizi Z namba ya chesisi imegongwa hapo hapo kwenye fayawoli, upande wa injini, yaani mahali pabaya kabisa kwa moto. Nikapangusa na kitambaa chenye dizeli taratibu, herufi moja moja, HS30 ikatokea na namba zake zote, nikalinganisha na logibuku, sawa. Nasema hivi kwa sababu hii bati ikipinda fundi mwenye haraka atakwambia tukate tuweke ingine, na ukikata hapo umekata gari yenyewe, kwa serikali huna kitu tena.

Ndani nikapiga magoti nikatazama nyuma ya dashibodi. Soketi za waya za plastiki nyeupe zilikuwa bado nyeupe. Upande wa abiria dashibodi ilikuwa imekunjamana na kushuka kidogo, upande wa dereva nzima. Vile vizibo vya mpira kwenye sakafu, ukivibonyeza na ukucha vinarudi. Kapeti linanuka moshi tu.

Na mwisho paa. Hii jaribio nilifundishwa na fundi mmoja wa bodi wa siku nyingi na sijaona mtu akiandika popote. Ligonge paa na konzi za vidole. Paa zima lina sauti, linaitika. Paa lililopata moto lina sauti ya debe, na ukiliweka kiganja ukalisukuma linaingia top! ukiachia linatoka top! Hilo bati limevutika, limekuwa kubwa kuliko nafasi yake, na nyundo hairudishi, utajaza pati na jua letu hili pati litapasuka kabla ya Idi mbili. Paa la mzee liliitika vizuri mpaka nyuma. Boneti ilifanya top, na madigadi ya kushoto ikafanya top. Lakini boneti na madigadi za mbele kwenye 240Z zinafungwa na bolti, unafungua unaweka nyingine. Paa na nguzo zake zimechomelewa na ndo mwili wa gari, hii si Land Rover useme bodi iko juu na chesisi iko chini yake, hapa bodi ndo chesisi.

Tukapima na kamba na timazi, kona kwa kona, tofauti ikawa milimita 2. Nikamwambia mzee bei yangu, 250,000, akanyamaza kidogo, akasema watu wa chuma hawajafika hata robo ya hio. Tukapeana mikono.

Nilinganishe na nyingine ili mwone. Jamaa yangu mmoja Nairobi alinipigia miezi michache baadaye, amepata 260Z imeungua, bei nusu ya yangu, nije nimsaidie kuitazama. Kufika tu getini nikaona imekaa chini kama ng'ombe aliyelala. Springi zote nne zilikuwa zimelegea. Springi ni chuma kilichopikwa kwa namna yake ili kiwe na nguvu ya kurudi, ukikipasha tena kwenye moto wa gari nguvu inatoka na hairudi. Ndani viti vimebaki waya, na waya zenyewe zimelala bapa, vioo vimetiririka mpaka ndani ya milango vikaganda huko, paa limeshuka katikati ungeweza kuteka maji. Nikamwambia ndugu yangu, hii chukua difu, chukua giaboksi ukabadilishe sili zote na beringi, chukua bawaba na vifaa vya chuma, na ulipe kama unalipia hivyo tu. Yeye aliona bei, mimi nilikuwa naona paa. Alinunua, akapeleka kupulizwa mchanga, bati za sakafu zikabaki kama chekecheo, na sasa inauzwa vipande vipande. Nilisikitika kwa kweli manake ni mtu anayependa magari kwa moyo wake wote na zile pesa zingemtosha kupata Z nzima yenye kutu ya kawaida.

Kitu ambacho sikukijua na kimenigharimu: moto ukizimwa, gari inaendelea kuliwa. Plastiki ya waya na vinyl zikiungua zinatoa moshi wenye asidi, huo moshi unakaa kwenye kila chuma pamoja na masizi. Ile poda ya mtungi nayo ikipata unyevu inakula aluminium na sehemu za umeme. Sasa weka hio pamoja na hewa ya chumvi ya Mombasa, na chuma kilichopoteza rangi yake kimebaki uchi. Gari ya mzee ilikaa miezi 4 chini ya turubai na poda yake juu. Kifuniko cha hedi kilikuwa kimetobokatoboka kama uso wa mtu aliyeugua ndui, alterneta imeshikana, na kutu ya rangi ya chungwa kila mahali. Ingekuwa imeoshwa wiki ile ile kwa maji mengi na sabuni, ikakaushwa, ikapakwa oili, ningeokoa vitu vya pesa nyingi. Kwa hivyo kama ya kwako imeungua jana, usiifunike. Ioshe kwanza.

Na vaeni barakoa jamani, nawaomba. Gari za miaka hio brekshuu, klachi na gasketi nyingi zina asbesto. Usipulize na kompresa, lowesha kwanza. Na zile sili za mpira wa kisasa ambazo watu wanaweka kwenye injini kuukuu, aina zingine zikiungua zinaacha utelezi mweusi wenye asidi kali sana ya kula nyama mpaka mfupa, usishike kwa mkono mtupu.

Kazi yenyewe. Bodi niliipeleka gereji moja ndogo pale Shimanzi, na hawa nawasifu bila kusitasita, ningewapa nyota zote. Nilitaka wapulize mchanga gari nzima, mzee wa pale akanikatalia. Akasema mchanga wa nguvu kwenye bati jembamba kama mlango unalipasha joto na kulipinda, utakuwa umeiunguza mara ya pili. Wakapuliza chumba cha injini tu na sehemu nene za chini, milango na paa wakaondoa rangi kwa dawa na kwa mkono, siku 9. Na kila jioni kabla ya kufunga wakapaka praima pale walipofikia, manake hapa Mombasa ukiacha bati uchi usiku mmoja asubuhi ina kutu. Fayawoli ilikuwa na wimbi dogo upande wa kushoto chini, wakalirudisha kwa nyundo na chuma cha kukinga nyuma yake bila kugusa zile namba.

Injini ilinipa machungu. Bloku ni chuma cha kusubu, haikuwa na shida, piston na krankshafti safi, tukabadilisha sili zote na beringi. Hedi ni aluminium. Aluminium hata isipoyeyuka joto linailegeza, inakuwa laini, na inapinda. Nikaweka rula ya chuma juu yake, nikapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.1, ikapita katikati bila kugusa. Nikaipeleka kwa duka moja la mashine, siwataji, wakaniambia ndogo hio, wataiskimu, yaani wataikwangua uso mpaka inyooke. Wakaiskimu, tena wakaondoa nyingi, wakanirudishia imenyooka inang'aa na mimi nikafurahi. Tukafunga injini, ikawaka, lakini gari haina nguvu, inapanda kimlima cha Makupa kama imebeba mchanga. Wiki mbili tunahangaika na kabureta na taimingi ya plagi.

Ilikuwa hivi. Hizi injini za Datsun za aina ya L, kamshafti, ile inayofungua vali, iko juu, imeshikwa na minara yake midogo juu ya hedi, na inazungushwa na cheni ndefu kutoka chini. Ukipunguza unene wa hedi umeisogeza kamshafti chini, cheni inalegea, na vali zinaanza kuchelewa kufunguka. Anayejua hii injini akiskimu sana anaweka vipande vyembamba vya chuma chini ya ile minara kurudisha urefu uliotolewa. Wale hawakuweka, hawakusema, na nilipowarudia wakasema kazi yao ilikuwa kunyoosha na wamenyoosha. Pesa sikurudishiwa. Na hedi yenyewe tulipoipima ugumu ikawa laini upande wa silinda ya tatu na ya nne, kwa hivyo hata wangeweka hivyo vipande isingedumu. Ningepima ugumu kwanza kabla ya kulipa mtu yeyote hata senti, hilo ndo ningelibadilisha kama ningeanza upya. Nikaja kupata hedi nyingine kwa jamaa anayevunja sedan kuukuu ya Datsun, manake L24, yaani hii injini yenyewe, haikuwekwa kwenye Z peke yake, na hio ndo iko kwenye gari leo.

Waya. Fundi wa kwanza alitaka kukata pale palipoungua aunganishe na waya mpya, nusu siku tu ameshamaliza. Nikakataa, na wewe kataa. Waya iliyokaa jirani na moto kwa nje iko sawa lakini ganda lake limekauka, ukilikunja linapasuka, na hapo umepanda mbegu ya moto wa pili. Nilimpata kijana mmoja wa Mikindani, mpole sana, hasemi sana, akakaa na mchoro wa waya wiki 3 akatengeneza wairing yote upya kuanzia betri mpaka taa za nyuma, rangi zile zile za kiwandani. Tena akanishauri kitu cha maana: kwenye 240Z ile geji ya ampea, inayoonyesha betri inavyochaji, inapitisha umeme wote wa kuchaji ndani ya dashibodi, akaiondoa kwenye njia hio akaweka geji ya volti kwenye uso ule ule wa zamani. Ukitazama hutajua. Huyu kijana ningeweza kumwandikia ukurasa wake peke yake.

Spea, tatizo kubwa letu ni kwamba Kenya huwezi kuleta gari nzima iliyopita miaka 8 ukaivunja kama wenzetu wa nje wanavyofanya, kwa hivyo unaagiza kipande kimoja kimoja. Boneti kutoka Japan, pamoja na meli na ushuru, ilinila zaidi ya bei niliyolipa gari nzima. Dashibodi ya usukani kulia ndo ngumu kuliko vyote, zilizo nyingi sokoni ni za Marekani za usukani kushoto. Yangu nimeirekebisha, upande wa abiria bado una kovu ukijua pa kutazama, na nimeliacha.

Jumla nimetumia kama milioni 2.1 juu ya zile 250,000. Je, inarudi? Huko nje 240Z nzuri inauzwa makumi ya maelfu ya dola, na Januari 2020 moja ya 1971 iliyotembea kidogo sana iliuzwa kwa mnada Marekani dola 310,000, watu wakaniletea hio habari kama ndo bei yangu. Hapana. Ile ililipiwa kwa sababu haikuguswa, na gari iliyoungua ikishafufuliwa imeguswa kila mahali. Mnunuzi mkweli ukimwambia ukweli atapunguza, na lazima umwambie.

Halafu kuna zile habari za Ferrari zinazowachanganya watu. Agosti 2023 wauzaji wa mnada RM Sotheby's waliuza Ferrari 500 Mondial ya 1954 iliyogongwa ikaungua miaka ya sitini, bati limekunjamana kama karatasi iliyotupwa, dola milioni 1.875. Ni kweli. Lakini pale kilichouzwa ni namba na historia, ni moja ya Mondial za kwanza kabisa kutengenezwa, hata ingekuwa imebaki fremu tu ingenunuliwa. Jaguar wenyewe moto wa kiwanda chao cha Browns Lane wa Februari 1957 uliwaunguzia gari za XKSS 9 kati ya 25 walizopanga, na hizo 9 hawakuzifufua, walikuja kutangaza 2016 kwamba watazijenga mpya kabisa. Mwenye kiwanda chake na michoro yote aliona hivyo. Datsun, MGB, Alfa, Escort, hizi zetu tunazoziona Ngong Racecourse kwenye Concours, yale maonyesho ya magari, kila mwaka, namba yake peke yake haibebi gharama. Bati ndo linabeba.

Kwa hivyo kwangu mimi, gari hii kwa bei ile na moto ule, nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa miezi 4 ya poda. Duka la mashine nyota 1. Shimanzi na kijana wa Mikindani 5 kila mmoja.

Ilipokamilika nilimpelekea mzee wa Tudor kabla hata sijampeleka mke wangu. Alitoka na kikoi chake, akaizunguka mara mbili hasemi kitu, akapitisha kidole kwenye paa. Halafu akaniambia fungua boneti. Nikafungua. Akainama na miwani yake, akaitafuta hozipaipu mpya ya petroli, akaishika kwa vidole viwili, akaikunja, akaiachia, akaikunja tena.

"Hii laini," akasema. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.